Hata mimi sikumzika

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Eda ya babako naendelea nayo. Miezi 4 na siku 10 si mchezo kwa mtu aliyezoea kwenda sokoni kila asubuhi, lakini mawifi hawaniachi peke yangu, na mwengine akizidi maneno najifanya nimelala.

Nasikia tangu urudi Mombasa hutaki kuzungumza na ami yako. Kwenye simu nikianza tu nalia, nawe unakata, kwa hivyo nakuandikia.

Unasema wangekungoja kabla ya kumzika. Babako alisali alfajiri msikitini, akarudi, akanywa kahawa, akasema kifua kinambana. Jua lilichomoza tayari ni marehemu. Wewe ulipata basi, lakini njia ya Lamu unaijua: Malindi, Garsen, Witu, na vizuizi vya polisi vyote vile, mpaka Mokowe, kisha boti. Watu walikusudia kumzika adhuhuri. Aliyewazuia hadi alasiri ni huyo huyo ami yako. Alikaa barazani na simu mkononi, kila saa anakuuliza umefika wapi, na wazee wanamwambia maiti hacheleweshwi. Ulipomwambia bado mko Garsen, aliingia ndani, akaniangalia, akatoka. Mimi ndiye niliyemtuma mtoto akamwambie wamchukue.

Ulitaka kushuka kaburini, umlaze babako kwenye mwanandani kwa mikono yako. Ni haki yako, wala sikulaumu. Ila mwanangu, hata mimi sikumzika. Miaka yote ile ya ndoa, na siku ile niliishia mlangoni. Jeneza lilipopita kichochoro chetu, punda wakasukumwa pembeni, na sisi wanawake tukarudi uani. Talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, sikuisikia.

Lakini uso niliuona, nawe hukuuona, basi nikwambie. Hakuwa amekunja uso. Ndevu zilikuwa zimechanwa vizuri, kuliko alivyozichana mwenyewe hata siku ya Idi. Waliomwosha waliniambia kucha ziliwashinda. Yale mafuta ya kalafati, ya kuzibia mashua, yalikuwa yameingia chini kabisa, wakasugua wee mpaka mmoja akasema basi, mwacheni fundi na kazi yake. Nilipoinama nilisikia harufu ya karafuu maiti, na chini yake sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, ile niliyopiga nayo kelele kwenye shuka zangu tangu niolewe. Nilikaribia kucheka, Mungu anisamehe.

Kabla ya kumsalia, ami yako alitangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwetu. Alikuja mwenye duka la misumari tu, akalipwa siku ile ile. Baada ya hitma wakaanza kuja waliodaiwa. Nahodha mmoja wa Matondoni, ambaye mashua yake babako aliipiga kalafati kusi iliyopita, alileta pesa zimefungwa ndani ya leso. Nikamwuliza kwa nini hakumlipa mwenye haki yake akiwa hai. Akasema kila akija babako alimwambia, "Vua kwanza." Mimi hapa nanunua unga wa mkopo, bwana anawaambia watu wavue kwanza! Hilo nitamwuliza huko mbele tukikutana.

Pesa hizo zimo kwenye mirathi. Mimi nina thumuni yangu, fungu moja katika manane, nanyi watoto mtagawana kinachobaki, wewe mafungu mawili na kila dada yako moja. Vyombo vya kazi, tezo, keekee na misumeno, kuna mtu keshaulizia bei. Nimekataa. Dada zako wameridhia viingie kwenye fungu lako. Ukitaka kuuza, uza, lakini uje uvishike kwanza.

Na mpigie ami yako. Habari ya kungoja hadi alasiri hatakwambia mwenyewe, unamjua alivyo. Mwambie umeisikia kwangu.

Wasalaam,
Mamako