Kwa mwanangu, kabla hujaenda kufundisha kambini

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uikubali kazi ya kufundisha kwenye kambi ya muziki ya kiangazi. Umeniambia pia unachohofia: usaili wa orkestra unakaribia, na unaona wiki hizo zingefaa zaidi kwa mazoezi yako mwenyewe. Jibu langu ni nenda. Ila sitaki uende kwa kuwa baba kasema, basi nikueleze ninavyoiona kazi hiyo, mimi niliyeifanya miaka mingi na ninayeipenda hadi leo.

Naona umewagawa watu makundi mawili, wapigaji na walimu, na unaogopa kuvuka kutoka huku kwenda kule. Kambini mgawanyo huo haupo. Wanakuita kwa sababu bado unapiga. Mwaka mzima mtoto humwona mwalimu wake kwa somo moja la wiki, mwalimu amekaa kitini, mtoto amesimama na fidla yake, muda ukiisha anaingia mwingine. Hajawahi kumwona mwalimu huyo akihangaika na mstari mgumu, akikosea na kurudia. Kambini anaishi naye. Asubuhi anarekebishwa naye, mchana anamsikia akifanya mazoezi, usiku anamwona jukwaani. Kwa mara ya kwanza anaelewa kwamba mwanamuziki ni mtu wa kawaida mwenye kazi ya kila siku, na kwamba kazi hiyo inawezekana.

Angalia muziki ulivyopita mikononi mwa watu kwa njia hii. Mwaka 1921 ilifunguliwa shule ya kiangazi ya wanamuziki wa Kimarekani ndani ya kasri la Fontainebleau, Ufaransa. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza alikuwamo Aaron Copland, kijana wa miaka 20 aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri, na aliyemfumbua macho pale alikuwa Nadia Boulanger, mwalimu wa hamonia, yaani elimu ya kupatanisha sauti. Copland akabaki Paris kusoma kwake. Mwaka 1940 Serge Koussevitzky, kiongozi wa orkestra ya Boston, alipofungua kituo chake cha kiangazi huko Tanglewood, Massachusetts, Copland alikuwa mmoja wa walimu wa utunzi, pamoja na Paul Hindemith. Katika darasa la Koussevitzky la kuongoza orkestra alikuwamo Leonard Bernstein, mwenye miaka 21. Bernstein naye akawa mwalimu wa hapohapo, akirudi kiangazi baada ya kiangazi. Agosti 1990, akiwa mgonjwa, aliwaongoza wanafunzi wa Tanglewood katika simfoni ya tatu ya Copland, na siku chache baadaye, tarehe 19, akaongoza pale pale onyesho lake la mwisho. Alifariki Oktoba mwaka huo. Mtu aliyeweza kusimama mbele ya orkestra yoyote duniani aliona nguvu zake za mwisho zinastahili kutumika kwa vijana. Sidhani alikuwa akiwafanyia hisani. Alikuwa akifanya muziki, na wao ndio waliokuwa mbele yake.

Lakini kambi ninayoifikiria zaidi ninapokuandikia ni Marlboro, Vermont, iliyoanza mwaka 1951 chini ya mpiga piano Rudolf Serkin, mpiga fidla Adolf Busch na familia ya wanamuziki ya Moyse. Pale mkongwe hakai pembeni akitoa maelekezo. Anachukua ala yake na kuketi ndani ya kundi, kijana akipiga fidla ya kwanza, ile inayoongoza, yeye mwenye jina akipiga ya pili, inayosindikiza. Wanafanya mazoezi ya kazi moja ya muziki kwa wiki kadhaa, na si lazima kazi hiyo ifike kwenye onyesho. Ikiwa haijaiva, haipelekwi mbele ya watu. Mwaka 1960 alikuja Pablo Casals, mpiga chelo, ile ala kubwa ya jamii ya fidla inayopigwa mtu akiwa ameketi, akiwa na miaka 83, akaendelea kuja hadi 1973, mwaka aliofariki. Na kwenye ukumbi wa chakula wote hao, wakubwa kwa wadogo, hurushiana mabunda ya karatasi za kufutia mikono. Wengine huuchukulia utani huo kuwa jambo dogo. Mimi naona una kazi yake: kijana aliyemrushia Serkin karatasi mchana hataogopa kumwambia jioni kwamba hapa tunapiga kwa kasi mno.

Kambi yako ni ya watoto wadogo zaidi, najua. Hata hivyo kaa ndani ya kundi. Ukipewa kundi la kwarteti, yaani wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na chelo, usisimame mbele yao ukipiga mapigo kwa mkono, maana siku utakapoondoa mkono watabomoka. Wape dakika za kwanza bila neno lako. Kisha muulize mtoto wa fidla ya pili amesikia nini kwenye chelo. Mara nyingi atakutumbulia macho, kwa sababu hajawahi kuambiwa asikilize; ameambiwa ahesabu. Waambie wapige wakiwa wamegeuziana migongo, wasikie kama pumzi ya anayeongoza inawafikia bila macho. Waambie waimbe sehemu zao. Toby Perlman alipoanzisha kambi yake ya muziki mwaka 1994 walihakikisha wapiga nyuzi wote wanaimba kwaya, hata wale waliokuja kwa fidla tu, na mumewe, mpiga fidla Itzhak Perlman, hufundisha hapo. Mtoto akiimba mstari wake anajua unapanda wapi na unatua wapi, na upinde unafuata.

Kazi za kupiga utachagua kwa akili. Mtunzi Haydn ameacha kwarteti 68, na watu huzikimbilia kwa kuwa zinaonekana rahisi kwenye karatasi, lakini baadhi, hasa za mwanzo, zinamtwisha wa fidla ya kwanza mzigo wote, huku wa fidla ya pili na wa viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, wakibaki na noti za kurudiarudia. Mtoto aliyesafiri mbali kuja kambini hastahili kiangazi cha namna hiyo. Tafuta kazi ambayo viola ina jambo la kusema, au wabadilishe fidla ya kwanza na ya pili kati ya sehemu moja na nyingine. Na uwatendee haki wa viola. Wengi wamehamishiwa huko kwa sababu fidla zilijaa, nao wanajua.

Sasa jambo linalowashinda walimu wengi wazuri. Atakuja mtoto ameshika upinde vibaya, kidole gumba kimenyooka kama ufito, bega limepanda. Utatamani kubomoa kila kitu na kuanza upya. Usifanye hivyo. Kubadilisha namna ya kushika upinde ni kazi ya miezi, na wewe una wiki chache. Ukiivunja nusu na kumrudisha nyumbani, umempelekea mwalimu wake mtoto asiyeweza kupiga kwa njia ya zamani wala mpya. Chagua kitu kimoja kinachoweza kushika ndani ya muda wako: labda aache kubana kidole gumba, labda ajue kugawa upinde ili usiishe kabla ya sentensi ya muziki kuisha. Kifanye hicho kila siku hadi akifanye bila kuambiwa. Na usiseme hata neno moja baya juu ya mwalimu wake wa nyumbani. Yeye ndiye aliyemfikisha hapo, na yeye ndiye atakayekuwa naye wewe ukiwa umeshaondoka.

Kuna shule inayosifiwa kwa ukali, na sifa yake haikuja bure. Mwalimu wa fidla Ivan Galamian alifungua shule ya kiangazi ya Meadowmount, kaskazini mwa jimbo la New York, mwaka 1944, na wanafunzi wake walifanya mazoezi saa nyingi kila siku vyumbani mwao, mtu akipita kwenye korido kusikiliza kama fidla kweli zinalia. Itzhak Perlman alipita hapo, mpiga fidla Pinchas Zukerman naye. Nautambua uzito wa nidhamu ile, na mtoto aliyejifunza kukaa peke yake na mstari mmoja kwa saa nzima amepata mali. Ila wale walikuwa wamechaguliwa na wameshazoea. Wanafunzi wako wengi watatoka kupiga saa moja kwa siku na kuingia ratiba ya saa tano au sita: orkestra, kundi, somo, mazoezi binafsi, kisha usiku wanapiga tena kwa furaha yao. Baada ya siku chache utaanza kuona mtoto anakunja na kukunjua mkono, anapapasa kifundo chake. Usimsifu kwa kuvumilia. Maumivu ya mishipa yakidharauliwa yanaweza kumnyamazisha kwa miezi. Mpumzishe siku hiyohiyo, zungumza na wahudumu wa afya wa kambi, na kwa wote weka kawaida ya dakika kumi hivi za kupumzika katika kila saa. Wakati wa mapumziko wanaweza kusoma noti bila ala, na hayo nayo ni mazoezi ambayo wachache hufundishwa.

Kiangazi chenyewe kina hila zake. Joto na unyevu huvimbisha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vinakwama. Hewa ikikauka vinateleza na nyuzi zinalegea zote. Mara nyingine gundi inaachia na ubao wa juu unafunguka ukingoni, mtoto analia akidhani ameua fidla ya kukopa. Mtulize, fundi ataibandika. Ala yoyote isiachwe ndani ya gari wala juani. Chukua nyuzi za akiba za vipimo mbalimbali.

Siku za kwanza wengine watalia kwa kukumbuka nyumbani, hasa usiku. Kwa hilo wapo walezi wa mabweni, na wewe usijifanye mama wa kila mtoto. Unachoweza kumpa ni kazi inayomhitaji yeye. Mtoto akijua kwamba kesho saa nne kundi la watu wanne haliwezi kuanza bila chelo yake, ana sababu ya kuamka.

Nataka unisikilize sana hapa, mama. Somo la muziki ni la watu wawili chumbani, na mwalimu ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Wamekuwapo walimu wenye sifa kubwa waliotumia vyumba hivyo kuwadhuru watoto, na heshima ya majina yao ndiyo iliyowaziba watu midomo. Fundisha penye kioo mlangoni, au mlango ukiwa wazi. Ukitaka kumshika mkono umwelekeze, mwombe kwanza, na akikataa mwonyeshe kwa mkono wako. Usimwandikie mtoto ujumbe wa faragha. Na ukiona mwenzako anavuka mipaka, hata awe mpigaji unayemwonea fahari tangu utotoni, peleka habari kwa wakuu wa kambi siku hiyo. Hakuna upigaji mzuri kiasi cha kununua kimya chako.

Turudi kwenye hofu yako ya mazoezi. Muda utapungua, sikatai. Lakini mazoezi yatakayobaki yafanye mahali wanapoweza kukusikia. Ile mistari ya usaili inayokutesa, ipige polepole dirisha likiwa wazi, noti nne nne, ukirudia, ukisimama, ukianza tena. Watoto watasimama nje. Wengi wao hudhani mtu mkubwa hupiga vizuri mara moja tu na basi, kwa hiyo akikosea yeye anaamini hana kipaji. Akikusikia unarudia kipande kilekile mara ishirini kwa subira, umemfundisha kitu ambacho somo la ana kwa ana haliwezi. Na wewe utanufaika. Ukiulizwa na mtoto wa miaka kumi na miwili kwa nini umeanza sauti hiyo kwa upinde wa kupanda, yaani ukiusukuma badala ya kuuvuta, itabidi uwe na jibu, na mara nyingi utagundua hukuwa nalo. Ukienda kwenye usaili na majibu hayo mkononi, utapiga kama mtu anayejua anachotaka.

Kwenye onyesho la walimu usichague kazi ya kuwashangaza. Chagua unayoipenda, ikiwezekana yenye nafasi ya kumkaribisha mwanafunzi mmoja kukaa nanyi. Asiwe yule mwenye vidole vya kasi kuliko wote, ambaye nafasi zitamjia tu. Mchukue anayesikiliza.

Malipo yatakuwa madogo, chakula na malazi pamoja na kiasi kisichojaza mkono. Uliza mapema na upate kwa maandishi: saa ngapi za kufundisha kwa siku, makundi mangapi, siku gani ya mapumziko, na nani anagharamia usafiri wako na wa ala. Wanamuziki wana tabia ya kuona haya kuuliza hayo, nawe usiione. Ratiba isiyo na saa yako mwenyewe ya kupiga ikatae, waambie nilivyokueleza hapo juu, kwamba kupiga kwako ni sehemu ya mafundisho.

Mwisho wa kambi utatakiwa kuandika taarifa ya kila mtoto. Usiandike kwamba ana bidii na anapendeza. Hayo mzazi anayajua. Andika mlifanya nini, kitu gani kimoja kimebadilika, na mwalimu wa nyumbani akiendeleze vipi. Anza kuandika wiki moja kabla, kwa sababu siku ya kuondoka utazungukwa na wazazi, masanduku na watoto wanaotaka usaini noti zao, na hutapata hata dakika ya kukaa.

Nitumie majina ya kazi za muziki watakazokupa mara ukizijua. Ninazo noti za kwarteti nyingi hapa kabatini zenye alama za vidole na upinde nilizoziandika kwa ajili ya watoto, na nitakutumia kabla hujasafiri.

Baba yako