Mbegu zako si feki

Shoga yangu Zainabu,

Salamu nyingi kwako na watoto. Picha zako nimeziona: maua meupe yenye madoa ya zambarau, kila moja na madoa yake, na mche mmoja wa zambarau tupu. Kabla hujaenda kugombana na mama aliyekuuzia mbegu, nisikilize kwanza, maana hana kosa.

Maua hayo Wajapani wanayaita asagao. Ni ukoo mmoja na kiazi kitamu, ndiyo maana yanafanana na maua ya matembele. Enzi za Edo (Japani ya mwaka 1603 hadi 1868) waliyashabikia kupita kiasi, na yenye madoa yalikuwa na wapenzi wake. Ila chanzo cha madoa hayo kilikuja kuelezwa mwaka 1994. Ua hilo jeupe kwa asili lina rangi. Ndani ya mojawapo ya jeni (maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwenye DNA) zinazotengeneza rangi hiyo pamejipachika kipande cha DNA kinachohamahama, transposoni iitwayo Tpn1, yenye herufi za DNA kama 6,400. Jeni imekatwa katikati, rangi haitoki.

Lakini kipande hicho ni mpangaji asiyetulia. Akihama, jeni inarudi kazini, na seli zote zitakazozaliwa na seli ile zinakuwa za zambarau. Akihama ua likiwa bado changa kabisa, utaona mchirizi mpana, pengine hata nusu ya ua. Akichelewa, utapata vidoa tu. Kwa hiyo usitegemee kuona maua mawili yanayolingana.

Na ule mche wako wa zambarau tupu? Huko mpangaji alihama mapema zaidi, kwenye seli za uzazi za mmea mama, na mbegu ikarithi jeni nzima. Tafadhali usiung'oe! Asagao hujichavusha yenyewe, na yaelekea nakala moja tu kati ya mbili za jeni ndiyo iliyopona. Ukipanda mbegu zake kwa wingi, karibu robo ya miche itarudia madoa.

Aliyegundua vipande hivi hakuwa hata mtu wa maua. Barbara McClintock, Mmarekani, alikuwa akichunguza punje za mahindi zenye madoadoa miaka ya 1940 (sisi tungezichoma na kula). Alipowaeleza wenzake mwaka 1951 wengi hawakumwelewa. Nobeli alipewa 1983, ana miaka 81! Hilo bado linaniudhi.

Nikipata mbegu za antirinumu, ua jingine la bustani, zenye transposoni ya Tam3 nitakuletea, maana hiyo inapenda baridi: kwenye nyuzi 15 huhama mara 1,000 hivi zaidi kuliko kwenye nyuzi 25. Kwa baridi yenu ya Lushoto ya mwezi wa saba, madoa yatakuwa tele. Wewe nitunzie mbegu za mche wa zambarau kwenye bahasha yake, usizichanganye na zile nyingine, na uniandikie zikichanua.

Wako,
Mwanahawa