Baba hawezi tena kuomba msamaha. Niende kumuuguza?

Mpendwa mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mke na mama, na kazi yangu ni uuguzi. Baba yangu alituacha nikiwa darasa la pili, akaenda kuanza maisha na mwanamke mwingine. Mama akatulea peke yake. Mateso yale sitayaeleza, walioyapitia wanayajua. Tangu hapo baba hakuleta ada wala salamu, na harusi yangu aliisikia kwa watu.

Sasa amepata kiharusi. Shangazi, dada yake, ndiye aliyenipa habari: upande wa kulia umelala na maneno hayatoki. Anasikia, analia, kusema hawezi. Anauguzwa na mkewe, ambaye naye ni mtu mzima na mgongo unamsumbua. Kumgeuza hawezi, na tayari vidonda vimeanza kiunoni na kwenye kisigino. Niliposikia habari za vidonda sikupata usingizi. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na viungo hunyooshwa mapema kabla havijakakamaa. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa. Ikishapita, kinachorudi hurudi polepole. Hii ndiyo kazi ninayowafanyia watu nisiowajua, kwa mshahara.

Nataka kwenda kumhudumia, lakini mbele yangu kuna mawe mawili.

La kwanza ni mama mdogo, huyo mke wa baba. Amemwambia shangazi kwamba hataki kumwona langoni mtoto yeyote wa mke mkubwa, maana anaamini tunafuata nyumba. (Nyumba yenyewe wamepanga, lakini hayo tuyaache.) La pili ndilo linaloniuma: mama yangu. Nilipomgusia, hakugomba. Aliniuliza tu, "Na mimi je, ni nani kwako?" akaendelea kukunja nguo. Kaka yangu yeye anasema baba anavuna alichopanda, na kwamba angalau tusubiri aombe msamaha kwanza. Ataomba kwa ulimi upi?

Mchungaji wetu ameniambia niombe na kusubiri. Mungu akifungua mlango nitajua, ndipo niende. Akanikumbusha Matendo 16, Paulo alivyokatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, kwamba si kila kizuizi ni cha kusukuma. Sikatai. Lakini nikifungua Marko 16 nawakuta Mariamu Magdalene, Mariamu mama yake Yakobo na Salome wameshanunua manukato na wamo njiani alfajiri kwenda kaburini kwa Yesu, huku wakiulizana nani atawaviringishia jiwe la mlangoni. Swali wanalo, jibu hawana, na bado wanakwenda. Wala si kwamba hawakujua ugumu wa jambo: sura ya nyuma yake inasema wale Mariamu wawili walipaangalia mahali alipowekwa. Tena waliyemwendea walijua ni maiti, hawakutazamia hata asante. Wangekaa nyumbani wakisubiri kusikia kwamba jiwe limeondolewa, nani angewapelekea habari?

Kinachonichanganya ni kaburi la Lazaro. Pale Yesu hakuliondoa jiwe mwenyewe. Aliwaambia watu waliondoe, ndipo akaita. Kwa hiyo kuna jiwe ambalo Mungu huliondoa na kuna jiwe analotuachia sisi, nami yangu siwezi kuyatofautisha. La mama mdogo namwachia Mungu. Nikifukuzwa langoni nitakuwa nimefukuzwa, basi. La mama yangu je? Kutoka 20:12 inawataja baba na mama pamoja, bila kusema ni yupi aanze pale heshima ya mmoja inapomuumiza mwenzake.

Jambo jingine ninalolitazama: manukato ya wale wanawake hayakutumika. Walifika, jiwe limeondoka, na waliyemfuata hayupo. Kwa hiyo nimejiandaa pia kukuta mambo nisiyoyatarajia. Huenda baba akageuza uso ukutani. Huenda atakayehitaji msaada wangu zaidi ni mama mdogo na mgongo wake.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji. Wapo wapendwa katika maombi wanaonishauri niende kimyakimya, mama asijue. Moyo wangu unakataa. Upendo wa kujificha kwa mama aliyenilea peke yake naona una kasoro. Je, niketi naye tena, na nimwambie nini ambacho hakitasikika kama namsahau? Na huko kwa baba, nimtangulize shangazi au nitokee mwenyewe? Mume wangu yuko tayari kunisindikiza, ila nahofia akionekana mwanamume watadhani tumekuja kudai mali.

Kama huwezi kujibu yote, nijibu kwanza la mama. Vidonda vya baba havisubiri.

Ni mimi,
Binti wa watu wawili