Barua ya wazi kwa Mkuu wa Barabara: jiwe la wanahewa saba liko chini

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: JIWE LA KUMBUKUMBU LILILOGONGWA NA LORI

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu tatu za awali hazikujibiwa. Usiku wa Jumanne lori lilipanda majani ya ukingoni na kuliangusha jiwe la wanahewa saba wa Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, iliyoanguka shambani hapo mwaka 1944. Asubuhi nililikuta bamba la majina mtaroni, limekunjika, matope yameziba herufi. Nililisugua kwa mswaki na maji ya chupa, jina baada ya jina. Lililochubuka zaidi ni la mpiga bunduki wa mkiani, yule aliyekaa peke yake nyuma ya ndege, kwenye baridi kali, usiku kucha. Ubavuni mwa jina lake pameandikwa miaka 20. Nilishindwa kuendelea, nikakaa chini.

Nakukumbusha, Mheshimiwa: Novemba ya mwaka juzi ulisimama hapo hapo, kofia mkononi, ukatuahidi vizuizi vya chuma kabla ya Pasaka. Pasaka mbili zimepita. Nadhani malori yamezidi tangu daraja la chini lifungwe, na kona ile ni nyembamba. Magari mawili makubwa yakipishana, moja lazima lipande majani. Hilo nililiandika tangu barua ya kwanza.

Wanahewa wapatao 125,000 walihudumu katika kikosi cha mabomu cha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, wote kwa kujitolea. Waliouawa ni 55,573. Mnara wao London ulizinduliwa mwaka 2012 tu. Wanakijiji wetu hawakusubiri hadi wakati huo. Walichanga wenyewe, wakalisimamisha jiwe lao miaka mingi kabla.

Mimi nina miaka 68. Goti langu halikunjiki tena, lakini kila wiki mbili nafyeka hapo kwa mkono, malori yakinipita kwa kasi hadi koti linapepea. Sijawahi kuomba hata senti.

Vizuizi, alama za barabarani, hayo tutazungumza. Kwa sasa naomba moja: jiwe lisimamishwe kabla ya tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Mpwa wa yule mpiga bunduki, bibi mzee, husafiri kutoka Kanada kuja kuligusa jina hilo. Naomba lisimamishwe tu.

Bamba liko mezani kwangu, nimelifunika kwa taulo. Tuma mtu alichukue.

Ni mimi, anayefyeka majani hapo jiweni.