Posho ileile, huku inakatwa kodi, kule haikatwi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia. Habari mliyoitoa juzi kuhusu wahadhiri wanaovikimbia vyuo vikuu binafsi vya Arusha na Kilimanjaro imenishinda. Mwandishi wenu amesema tunafuata maslahi, akaishia hapo, kama vile tumeingiwa na tamaa. Hakuomba kuona hati ya mshahara hata ya mmoja wetu. Angeona yangu na ya jirani yangu anayefundisha chuo cha umma hapahapa Moshi, angekuta mshahara wa msingi karibu ni sawa. Tunapotofautiana ni kwenye kodi.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kwa jinsi kilivyorekebishwa, kinaziondoa kwenye kodi posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya mazingira magumu, pamoja na honoraria, yaani malipo ya shukrani kwa kazi maalumu. Lakini msamaha huo ni wa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu kubwa inatoka serikalini. Sisi wa vyuo vya madhehebu ya dini na vya watu binafsi, posho hizohizo zinajumlishwa kwenye mshahara, kisha PAYE, yaani kodi inayokatwa na mwajiri kwenye mshahara kila mwezi, inapigwa juu ya jumla yake.

Mimi napewa posho ya nyumba ya shilingi 300,000. Mshahara wangu umeshavuka milioni moja, kwa hiyo posho yote inaangukia kwenye sehemu inayotozwa kodi ya asilimia 30. Zinaondoka 90,000. Mwenye nyumba wangu huku Soweto anadai pango lake kamili, na ana haki. Nilipopewa kuongoza idara nikaongezewa posho ya madaraka 200,000, zikaondoka 60,000 nyingine. Hiyo ni 150,000 kila mwezi ambayo jirani yangu, tuliyesoma naye shahada ya uzamili darasa moja, anabaki nayo. Yeye anachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5; mimi NSSF, mfuko wetu wa sekta binafsi, inanikata 10. Sote wawili Bodi ya Mikopo inatukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo angalau tuko sawa. Wanafunzi wangu wanakopeshwa na Bodi ileile, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayotoa ithibati kwa vyuo vyetu vyote viwili. Mei Mosi ya mwaka 2021 Rais Samia alitangaza kiwango cha chini kabisa cha PAYE kishuke kutoka asilimia 9 hadi 8, tukashukuru. Kwa mtu wa ngazi yangu nafuu ile ilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi.

Lililonichosha kabisa ni la kufundisha kwa muda. Chuo kimoja cha Arusha kiliniomba nifundishe darasa la Jumamosi muhula mzima, kwa makubaliano ya shilingi 600,000. Nauli ya Moshi hadi Arusha na kurudi juu yangu, chakula juu yangu, karatasi za mitihani nikazisahihishia nyumbani usiku. Malipo yalipokuja, baada ya kukumbushia mpaka nikaona aibu, yalikuwa 420,000. Mhasibu akanieleza kwamba ajira ya pili inakatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, hakuna zile 270,000 za mwanzo zisizotozwa kodi kama kwenye mshahara wa kawaida. Sawa, nikakubali, ndivyo ilivyo. Nikaomba basi hati ya kuonyesha kwamba hiyo 180,000 imekatwa kwa jina langu, kwa sababu sheria inamtaka aliyekata kodi ampe aliyekatwa hati yake. Akaniambia hati hizo ni za wafanyakazi wa kudumu. Nikamuuliza: kama mimi si mfanyakazi wenu, mmenikata kodi ya mfanyakazi kwa msingi gani? Na kama ni mfanyakazi wenu, hati yangu iko wapi? Akanitaka nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo akanituma kwa bursa, na bursa yuko Dodoma kikazi. Mpaka leo sina karatasi yoyote ya kunionyesha kama fedha ile ilifika TRA, Mamlaka ya Mapato, au iliishia mahali pengine, na hakuna mtu pale anayeona kwamba anadaiwa jibu.

Na hilo la makato kutofika linanikumbusha jingine ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa. Wako wenzetu ambao NSSF inakatwa kila mwezi kwenye hati ya mshahara, lakini wakiangalia taarifa ya michango yao, miezi imeruka. Mtu anastaafu ndipo anaanza kuhangaika na barua. Siwezi kuliita hilo ucheleweshaji. Ni fedha ya mtu iliyochukuliwa.

Sijasema wenzetu wa umma waongezewe kodi. Nasema Serikali ilipotaka kuvipunguzia vyuo binafsi mzigo iliweza: vyuo vilivyosajiliwa havilipi SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ni ya mwajiri. Mwajiri amepata nafuu, mwajiriwa wake bado. Muswada wa fedha ujao uongeze kwenye kifungu cha 7 maneno haya: "au mwajiriwa wa chuo chenye ithibati ya TCU au NACTVET", yaani baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Kama Hazina inaogopa vyuo vitageuza mishahara kuwa posho, iweke kikomo, posho ya nyumba isizidi asilimia 20 ya mshahara wa msingi. Wabunge wa Arusha na Kilimanjaro wanaweza kulipeleka hilo kwenye kamati mwezi Juni. Na kwa kuwa PAYE inatakiwa kufika TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, TCU iviagize vyuo vyote kubandika risiti yake kwenye ubao wa matangazo kila tarehe 8, pamoja na ya NSSF ya mwezi uliotangulia.

Mhadhiri wa chuo binafsi,
Soweto, Moshi