Vifungo vya Shati

Njombe, Jumapili jioni

Baba Neema, salamu sana,

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya pili Mama Tumaini alikuwa karibu, akacheka hadi akakaa chini aliposikia umefika kanisani ukashindwa kufunga vifungo vya shati kwa sababu vidole vimeshikwa ganzi na mtikiso wa pikipiki. Mimi sikucheka. Mwaka ule nilipoinunua Yamaha XT500 yangu, kama hiyo yako, niliteremka Makambako nikaagiza chai, nikaitazama tu mpaka ikapoa. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine.

Pikipiki yako si mbovu, imezaliwa hivyo. XT500 ina pistoni moja pana, milimita 87, inayopanda na kushuka milimita 84, na Yamaha hawakuiwekea shafti ya kusawazisha, yaani mhimili wenye uzito unaozunguka ili kuukata mtikiso wa pistoni. Kinachopambana na pistoni hiyo ni uzito ulio kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, peke yake, nao hauwezi kuimaliza: ukiuongeza ili kuua mtikiso wa juu na chini, unaibuka wa mbele na nyuma. Honda walipotoa XL500S mwaka 1979 walikuwa wameshatia shafti za kusawazisha, na Yamaha wakafuata kwenye XT550 mwaka 1982. Sisi tumependa ya zamani. Najua utanijibu kwamba Cyril Neveu alishinda mbio za Paris–Dakar za kwanza, 1979, na za 1980 pia, juu ya XT500 hiihii. Sawa, lakini hakuna aliyetusimulia alifungaje vifungo vyake.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua, kesho utakimbilia dukani kununua gripu nene. Usianzie kwenye usukani. Anzia kwenye injini. Pikipiki ya umri ule imepita kwa mafundi wangapi? Kila mmoja alitoa bolti akarudisha aliyoipata. Kwenye yangu nilikuta bolti mbili nyembamba zikicheza ndani ya matundu mapana, na stei ya juu, kile chuma kinachoshikanisha hedi (kichwa cha injini) na fremu, ilikuwa imelegea kiasi cha kuizungusha kwa vidole. Injini ya namna hiyo haitetemi na fremu, inaigonga.

Legeza bolti zote za injini, usitoe. Itikise ikae yenyewe, kisha tazama kila sikio la fremu, pale bolti ya injini inapopita. Ukiona mwanya, tia washa, kile kipete bapa cha chuma, ya unene huohuo. Usilazimishe masikio yabanane kwa kukaza nati, utaipa fremu mkazo nayo itakulipa kwa ufa. Tundu likiwa limekuwa yai, mpelekee fundi wa kuchomelea alijaze na kulitoboa upya. Ukimaliza ndipo ukaze zote, na baada ya kilomita kama mia uzikague tena. Hapo nilipata nafuu kubwa kuliko kwenye kitu kingine chochote, na gharama ilikuwa bolti, washa na soda ya kijana aliyenishikia tochi.

Raba za usukani ni habari nyingine, na hapo nilifanya ujinga. Kama vishikio vya usukani wako vimekalia raba, zibonyeze kwa kucha. Zikiwa ngumu kama kwato, badilisha. Mimi nilibadilisha, ila nilichagua laini kuliko zote dukani, nikajiona mjanja. Kushuka Kitonga, lori mbele, natia breki, usukani ukainama mbele kama unasalimia wazee. Nilifika chini nimelowa jasho. Raba iwe ya wastani: ukiusukuma usukani kwa nguvu ujongee kidogo sana na urudi. Ukihisi unaogelea, toa.

Kilichomaliza kazi ni uzito. Unaona, ncha ya usukani ikiwa nyepesi inatikisika kama fimbo. Ukiitia uzito, nguvu ileile inaisogeza kidogo zaidi, na ile kasi ambayo bomba la usukani linaanza kuimba inahama. Nilianza kwa kulijaza mchanga, kwa ubahili. Ukaingia maji, bomba likaota kutu ndani, ikabidi nilitupe. Wengine wanatumia chubwi za wavuvi zilizomiminiwa silikoni, ni sawa. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchonga vyuma kipande cha chuma cha mviringo, akakipunguza kiingie kwenye bomba langu, milimita 18 hivi. Kipande cha sentimita 10 kinakaribia gramu 200, kimoja kila upande. Kwenye ncha ya ndani kuna kipande cha raba na bolti inayopita katikati. Ukikaza, raba inatanuka na kubana. Pima bomba lako kwanza, yote hayalingani. Upande wa mafuta hakikisha washa ya nje haigusi gripu. Zungusha, achia, irudi yenyewe kwa sauti ya "tap". Isiporudi usiwashe.

Na wewe punguza kuikamua. Mtikiso hauongezeki sambamba na mizunguko: kutoka 3,000 kwenda 4,500 kwa dakika nguvu yake inazidi maradufu. Jino moja zaidi kwenye sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, litaituliza barabara ya lami, ingawa zile kona 57 za kupanda mlima Chimala utazilipia kwenye klachi. Tena, acha kuukaba usukani kama mtu anayemzuia ng'ombe. Kadiri unavyobana ndivyo unavyoumeza mtikiso.

Jambo moja sitaki ulifanyie mzaha. Ganzi ikibaki usiku, au asubuhi ya baridi ukaona ncha za vidole zimekuwa nyeupe kabisa, iegeshe pikipiki uende ukaonane na daktari. Mimi wa Njombe Juni yote vidole vyangu ni vya bluu, lakini nyeupe ni kitu kingine.

Vyuma vyangu vya akiba nimevifunga kwenye gazeti, nitavipandisha basi la Jumanne asubuhi. Vikiwa vinene kwa bomba lako usivigonge kwa nyundo, nirudishie nikavipunguze. Na stei ile ya juu, ukiikagua tu nipigie, nataka kujua kama ilikuwa imelegea.

Mimi,
Baba Tumaini