Mazungumzo ya Jumamosi: Hoteli ya Stanley

Ndugu wanakikundi, salaam. Jumamosi tutaizungumzia Hoteli ya Stanley ya Estes Park, Colorado, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1909, na nawaomba sana tusiichanganye na ile inayoonekana katika filamu ya The Shining ya mwaka 1980. Mwandishi Stephen King alilala Stanley mwaka 1974, katika chumba namba 217, msimu ukiwa ukingoni na wageni karibu wote wameshaondoka, na wazo la riwaya yake ya The Shining, iliyozaa filamu hiyo, likakomaa humo. Lakini mwongozaji wa filamu, Stanley Kubrick, alitumia sura ya nje ya hoteli nyingine, Timberline Lodge ya Oregon, huku sehemu kubwa ya ndani ikijengwa studioni Uingereza. Wenye Timberline, kwa kuhofia kwamba wageni wangekikwepa chumba chao cha 217, namba ya chumba cha kutisha katika riwaya, waliomba namba ibadilishwe, ndiyo maana tunaona 237, chumba ambacho hoteli hiyo haina. Kwangu, hapo ndipo penye utamu wa mada hii. King hakuridhishwa na filamu ile, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 1997, aliyoiandika mwenyewe, ilipigwa picha Stanley kwenyewe. Atakayeweza aitazame mapema, kisha atuandikie hapa ni ipi kati ya hoteli hizo mbili iliyomtisha zaidi, na kwa nini.